Mtoto wangu amewekwa Bendi ya 4: niuze shamba, au akae nyumbani?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza omena soko la Kibuye. Kifungua mimba wangu aliingia chuo kikuu mwaka 2021. Karo yake ilikuwa kama elfu kumi na sita kwa mwaka na vijipesa vingine vidogo, na HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, ikamsaidia kula. Huyu wa pili alipata B kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ameitwa chuo cha umma upande wa Nakuru kusomea biashara ya kilimo. Alipoingia kwenye tovuti ya ufadhili wa serikali alikuta amewekwa kundi la kipato liitwalo Bendi ya 4, familia ilipe asilimia thelathini. Baba yao ni mwalimu, yuko hai, lakini tuliachana mwaka 2019 na hatumi kitu. Kijana ameanza kusema ataendesha pikipiki Kondele, eti mkopo ni mtego. Shemeji yangu ananishauri niuze kipande cha shamba kule Ahero kabla siku ya kuripoti haijafika, na zimebaki wiki tatu. Kwa nini mmoja alisoma kwa bei nafuu na huyu anafungiwa mlango? Nifanye nini? (Mama wa Kibuye)

Jibu:

Mama, shamba la Ahero liache lilipo. Huenda siku moja ikabidi, lakini si kwa karatasi hii, na si ndani ya wiki tatu. Anayeuza ardhi kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi, na wewe bado hujajua unadaiwa kiasi gani hasa. Tena shamba la kilimo haliuzwi kama gunia la mchele. Panahitajika kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi ina ratiba yake isiyojua tarehe ya kuripoti chuoni.

Kabla sijaendelea, nina swali langu. Mwulize kijana leo usiku akishakula: ile fomu ya ufadhili ilijazwa na nani?

Nauliza kwa sababu nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la karo la chuo kimoja cha umma, na sasa nasaidia familia hapa Nakuru kupambana na karatasi hizi. Jibu ninalolisikia kila mara ni lile lile: "Nilijaziwa saiba," yaani kwenye duka la intaneti. Kijana anafika na kitambulisho na namba ya mtihani. Mhudumu ana foleni mlangoni. Baba anafanya nini? Mwalimu. Anabonyeza. Mama? Biashara. Anabonyeza. Sekondari ulisoma wapi, ya bweni? Ndiyo. Anabonyeza. Dakika kumi zimeisha, kijana analipa na kuondoka. Hakuna aliyemwuliza kama huyo mwalimu bado analala nyumba ile, wala kama biashara ya mama ni duka la jumla au ni beseni la omena ambalo mvua ikinyesha halikauki. Mashine ilipewa maneno mawili, mwalimu na biashara, ikajumlisha ilichopewa.

Nitarudi hapo, maana ndiko nguvu zako zinakotakiwa kwenda. Lakini uliuliza kuhusu kifungua mimba na una haki ya kujibiwa.

Yeye aliingia chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2017. Serikali ilihesabu kozi inagharimu kiasi gani, ikaahidi kuvipa vyuo asilimia 80 ya gharama hiyo kwa kila mwanafunzi. Mwanafunzi alidaiwa karo ile ya 16,000 ambayo ilikuwa haijasogea tangu miaka ya tisini. Mtoto wa waziri alilipa hivyo na mtoto wa Kibuye alilipa hivyo. Ahadi ya asilimia 80 haikutimizwa, mgao ukashuka hadi chini ya nusu, na vyuo vikarundika madeni ya mabilioni. Ile bei nafuu uliyolipa ilikuwa inabebwa na mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa anazama. Sisi wa dirisha la karo tuliona mapema: mishahara inachelewa, wahadhiri wanagoma, maabara haina kemikali.

Septemba 2022 Rais Ruto akaunda jopo la kuangalia elimu yote, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu. Tarehe 3 Mei 2023 akatangaza mfumo mpya, huu wa bendi, ukaanza na waliofanya KCSE 2022. Waliokuwa tayari chuoni, kama kifungua mimba wako, wakaachwa wamalize chini ya ule wa zamani. Kwa hiyo watoto wako wawili waliokula sufuria moja wametenganishwa na tarehe tu, wala huyu wa pili hakukosea chochote.

Utakutana pia na mtu sokoni atakayekwambia mahakama ilishafuta mambo ya bendi, usilipe. Huyo amesoma nusu ya habari. Ni kweli kwamba tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, akisema unabagua wanafunzi na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa iliisimamisha hukumu hiyo, na ndiyo maana kijana wako bado amekuta bendi kwenye tovuti. Usipange maisha ya mtoto juu ya kesi.

Sasa pesa zenyewe. Bendi ni tano. Bendi ya 1 ni nyumba inayopata hadi shilingi 5,995 kwa mwezi. Ya 2 ni hadi 23,670, ya 3 hadi 70,000, ya 4 hadi 120,000, na ya 5 ni zaidi ya hapo. Soma tena ile ya 4. Wamekuhesabu kuwa nyumba ya kati ya elfu sabini na laki moja na ishirini kwa mwezi. Nadhani ukisoma hapo umecheka, au umelia.

Tuchukue mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe rahisi. Bendi ya 4 inapewa ufadhili wa asilimia 40, yaani 80,000, na hizo hazirudishwi. Mkopo wa karo ni asilimia 30, yaani 60,000. Familia inalipa asilimia 30, nyingine 60,000. Kozi hiyo hiyo kwa aliye Bendi ya 2, ufadhili ni 120,000, mkopo ni 60,000, familia 20,000. Tofauti kwako ni shilingi 40,000 kwa mwaka, na kwa kozi ya miaka minne ni 160,000. Hiyo ndiyo thamani ya zile dakika kumi za saiba.

Kuna jambo hapo ambalo magazeti hulipita. Tazama mkopo: Bendi ya 2 ni asilimia 30, ya 3 ni 30, ya 4 ni 30, ya 5 pia 30. Ya 1 peke yake ndiyo 25. Bendi haibadilishi sana deni la mtoto. Kinachohama ni mgawanyo kati ya mfuko wa serikali na mfuko wako. Kijana anapokwambia "mama, nisiposoma nimekuokoa na deni," mweleze kwamba ugomvi wa bendi ni wako na serikali. Deni lake yeye liko karibu pale pale akiwa Bendi ya 2 au ya 4.

Usitumie karatasi ya karo ya mtoto wa jirani aliyeingia mwaka 2023 au 2024. Julai 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma kwa kati ya asilimia 15 na 40, kutegemea kozi, kuanzia Septemba mwaka huo. Mwambie kijana afungue barua yake ya mwito na akaunti yake ya mwanafunzi, aandike kwa kalamu bei ya kozi yake yeye. Nimeona mzazi amekopa kwa chama akilipa karo ya orodha iliyokwisha kupitwa na wakati.

Turudi kwenye ile fomu, na rufaa ya kuomba bendi ibadilishwe. Tovuti ile ile ya ufadhili aliyoomba ndiyo yenye nafasi ya kuomba bendi iangaliwe upya, na dirisha hilo likiwa wazi ingia mara moja, usingoje siku ya mwisho ambapo kila kijana wa nchi hii yuko kwenye mtandao mmoja. Kwanza akague alichojaziwa. Kama kuna kosa la wazi, hilo ndilo la kuanza nalo, maana kosa la wazi ni rahisi kulitetea kuliko kilio.

Halafu karatasi. Kipimo hiki kinaangalia kazi na kipato cha wazazi, idadi ya wanaosoma nyumbani, karo iliyokuwa ikilipwa sekondari, ulemavu kama upo, na mahali familia inakotoka. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji karatasi nyuma yake. Nenda kwa chifu, lakini usikubali ile barua ya mistari miwili inayosema "mama huyu namfahamu, ni mhitaji." Barua kama hizo ziko elfu. Mwombe aandike mambo: kwamba mliachana mwaka 2019, kwamba watoto watatu wanaishi nawe, kwamba unauza omena Kibuye, kwamba baba haishi hapo. Kisha uape hati ya kiapo kwa wakili au mbele ya kamishna wa viapo, ikisema hayo hayo kwa tarehe. Kama sekondari ilikuwa ya bweni lakini karo ililipwa na basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) au ya kaunti au mfadhili, tafuta barua za basari na taarifa ya karo kutoka shuleni. Hili ni kubwa kuliko unavyodhani. Mashine inaona shule ya bweni ya bei, inadhani mliilipa wenyewe. Bila karatasi ya basari, wema wa mfadhili unageuka ushahidi dhidi ya mtoto.

Weka pia kitu kinachoonyesha kipato chako. Muuza omena hana payslipu, najua. Una taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, una risiti ya ushuru wa soko, una kitabu cha chama. Vitoe.

Nisikudanganye: nimeona rufaa zikakubaliwa na nimeona zikakataliwa kwa watu ambao ningewaapia. Kesi ya mzazi aliye hai mwenye kazi lakini asiyetoa ni ngumu kuliko ya yatima, kwa sababu yatima ana cheti cha kifo na wewe una maneno tu hadi utakapoyageuza kuwa karatasi. Ndiyo sababu nakusukuma kwenye hati ya kiapo.

Na huyo baba. Kuna njia ya sheria. Kwa yule wa tatu, ikiwa bado hajafika miaka 18, matunzo si hisani, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo itakusikiliza bila kukutoza. Kwa huyu wa chuo, Sheria ya Watoto ya 2022 inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi baada ya miaka 18 kukiwa na sababu maalumu, na masomo ni moja ya sababu wanazozileta watu. Lakini hiyo ni safari ya miezi, na wewe una wiki. Ipo njia fupi zaidi. Shemeji anayekushauri uuze shamba, si ni ndugu yake? Basi kabla hajakutafutia mnunuzi, mtume kwanza kwa kaka yake, akae naye chini na wazee wawili. Elfu kumi na tano kwa muhula kutoka kwa mwalimu mwenye mshahara si jambo la kuita miujiza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Kwenye dirisha langu sikumwona kijana aliyeondoka chuoni kwa sababu ya asilimia. Walioondoka waliondolewa na wiki. Ufadhili hutoka kwenye Mfuko wa Vyuo Vikuu ukaingia moja kwa moja akaunti ya chuo. Mkopo wa karo hutoka HELB ukaingia huko huko. Kijana hazioni kabisa. Anachokiona ni ile ya kujikimu, nayo hutumwa kwake mwenyewe. Pesa hizi zote zina mwendo wake, na mara nyingi masomo huanza kabla hazijafika. Katikati pale, kati ya siku ya kuripoti na siku vijana wanaposema "HELB imeingia," ndipo mtoto anapolala njaa, anapoona akaunti yake imeandikwa deni la karo yote kana kwamba hakuna aliyemfadhili, anaona aibu, anaacha kwenda darasani, anarudi nyumbani kimya kimya wiki ya sita. Mzazi anaambiwa "alishindwa karo." Karo ilikuwa njiani.

Kwa hiyo pesa ulizonazo sasa zipange kuvuka zile wiki, usizimwage zote siku ya kwanza. Kwa mfano wetu, sehemu ya familia ni 60,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa muhula. Aripoti. Asikae nyumbani akingoja zitimie zote. Aende na kiasi mlichoweza, na barua aliyoiandika mwenyewe kwa ofisi ya fedha, nakala kwa mkuu wa wanafunzi, akiomba kulipa salio kwa awamu na akitaja tarehe na kiasi cha kila awamu. Aambatishe risiti ya rufaa ya bendi. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Nilipokuwa dirishani, kijana mwenye barua alikuwa na jina. Asiye na barua alikuwa namba yenye alama nyekundu, na siku ya kadi za mtihani namba hizo zilizuiwa bila mtu kuzisoma.

Amuone pia mkuu wa wanafunzi ana kwa ana katika wiki ya kwanza, aulize kuhusu kazi za wanafunzi ndani ya chuo. Vyuo vingi vina nafasi za kusaidia maktaba, jikoni au bustani kwa malipo yanayokatwa kwenye karo. Ni chache, na humalizwa na waliowahi. Na aombe basari ya eneo bunge lenu mara fomu zinapotoka. Zinahitaji barua ya mwito na namba ya usajili, kwa hiyo asiporipoti hata basari hana.

Chakula. Kwa Bendi ya 4, pesa za kujikimu ni 45,000 kwa mwaka, na ni mkopo, si zawadi. Kwa muhula ni 22,500. Muhula ni kama miezi minne. Gawanya, upate kama 5,600 kwa mwezi, na kodi ya chumba imo humo humo. Inawezekana, lakini kwa anayepika. Akae chumba na mwenzake au wawili, wawe na jiko moja. Wewe mama una bahati ambayo wazazi wengi hawana: unauza chakula kisichooza. Mpakie debe la omena kavu na unga wa kuvuka mwezi na nusu, basi zile wiki mbaya zimepita nusu yake. Wenzake watamcheka siku mbili, siku ya tatu watakuja na sahani.

Kitu kimoja mwambie kwa sauti ya mama, si ya mwalimu. Siku ile pesa zinapoingia kwenye simu ndiyo siku kamari ya simu inavuna. Nimeona 20,000 ikaisha kabla jua halijazama, na aliyeipoteza hakuwa mtoto mbaya.

Sasa mtego anaouogopa. Amefanya vyema kuogopa, na simlaumu, maana ameona watu wakikimbizwa na mikopo ya simu. Lakini mikopo haifanani. HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza wanafunzi wa shahada ya kwanza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa mfano wetu atakopa 60,000 za karo na 45,000 za kula kila mwaka, jumla 105,000, na kwa miaka minne 420,000 kabla ya riba. Asilimia 4 ya hiyo ni 16,800 kwa mwaka. Si pesa kidogo kwa kijana wa Kisumu. Lakini hiyo pikipiki ya Kondele nayo mwulize itanunuliwa kwa nini, kama si kwa mkopo wa kulipa kila siku jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na aliyeikopesha akiichukua siku ya tatu ukikosa.

Mtego wa HELB uko mahali pengine, na hapo awe macho. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wanaoumia ni wale walionyamaza. Hawana kazi, wanaona aibu, wanabadilisha namba ya simu, na faini inapanda juu ya deni hadi siku wanapoitwa kazini na kuombwa cheti cha kuthibitisha hawadaiwi. Akimaliza bila kazi, awaandikie HELB mapema na aombe mpango wa malipo madogo. Na namba ya simu anayoombea mkopo iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si ya kwako wala ya mjomba. Nimeona pesa zimekwama muhula mzima kwa laini ya mjomba.

Je, kuna njia nyingine badala ya Nakuru? Ipo moja ninayoipenda kwa hali yako. KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, hufungua kipindi cha kuhamia chuo kingine baada ya upangaji. Kama Chuo Kikuu cha Maseno kina kozi inayofanana na alama zake zinafika, kijana atalala nyumbani Kisumu, na kodi ya chumba inabaki mfukoni. Vijana hawaipendi, wanataka kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini piga hesabu ya kodi ya miaka minne pamoja na nauli za Nakuru, umwonyeshe. Asiache nafasi ya kwanza kabla ya pili haijathibitishwa kwa maandishi.

Kisumu National Polytechnic nayo si aibu. Karo ya vyuo vya kiufundi vya umma imewekwa 67,189 kwa mwaka, navyo vina ufadhili na mkopo. Ila mwenye B akienda huko aende kwa sababu anataka ufundi, si kwa sababu bendi imemtisha. Chuo kikuu cha binafsi nisingekishauri kwako hata kidogo: tangu mfumo huu uanze, anayepangwa huko anapata mkopo peke yake, ufadhili wa serikali haumfikii.

Kuahirisha mwaka ni haki yake pia, akiomba kwa maandishi. Mimi huiweka mwisho kabisa. Mwaka wa Kondele hugeuka miwili, na pikipiki ina njia yake ya kumzoesha mtu noti za jioni.

Jumatatu anza na chifu. Jumanne shule yake ya zamani kwa taarifa ya karo na barua za basari. Jumatano hati ya kiapo, na jioni hiyo hiyo rufaa iingie. Alhamisi shemeji apande gari kwenda kwa kaka yake. Yanayobaki ni kukusanya za kuvuka wiki sita za kwanza, na hizo chama chako cha Kibuye kinaweza kukukopesha bila kugusa Ahero.

Na ukumbuke kwamba maombi ya mkopo na ufadhili hurudiwa kila mwaka, wengi husahau mwaka wa pili. Tovuti ikifunguliwa tena, nenda naye saiba. Vuta kiti ukae kando yake, na swali la kazi ya baba likifika, ujibu wewe.